Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Afya na TAMISEMI: mfupa uliovunjika bila ajali uulizwe kabla ya hogo

Waheshimiwa Mawaziri,

Nakala: Mganga Mkuu wa Serikali, Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya

YAH: OMBI LA WARAKA KUHUSU MIFUPA INAYOVUNJIKA KWA SABABU YA UVIMBE

Mimi ni mtaalamu wa mionzi katika hospitali ya wilaya, kusini mwa Tanzania. Kutwa nzima napiga picha za eksirei: vifua, migongo, mikono, miguu. Ombi langu ni moja, na nalisema mapema kwa ajili ya msomaji asiye na muda. Toeni waraka kwa hospitali zote, za Serikali, za mashirika ya dini na za watu binafsi, kwamba mfupa mrefu uliovunjika bila nguvu ya kutosha kuuvunja usifungwe hogo na mgonjwa kurudishwa nyumbani, wala usiwekewe chuma, mpaka ijulikane kwa nini umevunjika. Mgonjwa awekewe gango la kumtuliza, apewe dawa ya maumivu inayomfaa, na uchunguzi uanze siku hiyohiyo.

Mfupa wa paja ni mrefu na imara kuliko mingine yote mwilini. Kwa kijana mwenye afya, kuuvunja kunataka pikipiki igongane na lori, au mtu aporomoke kutoka juu ya mnazi. Kijana wa miaka 15 akivunjika paja kwa kujikwaa kwenye kizingiti cha mlango, kizingiti hakina kosa. Mfupa huo ulikuwa unaliwa kwa ndani kwa wiki nyingi, pengine kwa miezi, na siku hiyo ukashindwa kubeba uzito wa mwenyewe.

Sisemi kwamba wenzangu hawajui. Matabibu na madaktari ninaofanya nao kazi wamesoma habari hizi chuoni na wanazikumbuka. Kinachotuangusha ni mazoea yanayoletwa na wingi. Wodi zetu za mifupa zimejaa majeruhi wa bodaboda. Siku ya mnada, waliovunjika huingia mmoja baada ya mwingine, na tabibu wa zamu, ambaye mara nyingi yuko peke yake, anajaza fomu ya kuombea picha kwa haraka: jina, umri, kisha maneno machache, "kaanguka, paja la kulia." Basi. Neno "kaanguka" likishaandikwa, kila anayefuata analipokea kama lilivyo. Mimi naelekeza mashine kwenye paja. Daktari anatafuta palipovunjika, anapaona, anaagiza hogo. Hakuna aliyezembea hapo, ila hakuna pia aliyeuliza kwa nini kuanguka kule kumevunja mfupa ule.

Kwa hiyo jambo la kwanza ndani ya waraka liwe dogo kabisa. Fomu ya kuombea picha ya mfupa iongezewe mistari miwili. Wa kwanza: ameangukaje, na kutoka wapi? Wa pili: mahali hapo palikuwa panauma au pamevimba kabla ya kuvunjika? Hospitali zinazotumia GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa taarifa za wagonjwa, ziwekewe maswali hayo humo, na mfumo usikubali ombi la picha ya mfupa mrefu mpaka yajibiwe. Mfanyakazi hatumii hata dakika moja kuyajaza, na hakuna kifaa cha kununua.

Nasisitiza swali la pili kwa sababu majibu yake nimeyasikia kwa wazazi wengi, na kwenye fomu sijawahi kuyakuta. Binti mmoja wa sekondari aliletwa kwetu na mama yake akiwa na hogo alilofungwa kwingine. Mguu ulikuwa umevimba hadi hogo linambana na vidole vimepoa. Lilipokatwa, paja juu kidogo ya goti lilikuwa limejaa, ngozi inang'aa, mishipa ya damu imejitokeza, na ukipashika pana joto. Nikamuuliza mama: "Mama, kabla hajaanguka, goti lilikuwa linamuuma?" Akasema: "Mwanangu, miezi. Usiku halali, analia. Zahanati walisema baridi, wakampa diklofenaki. Tukaambiwa labda mfupa umeingia usaha, akachomwa sindano. Shangazi yake akampeleka kwa mtu wa kuchua. Mpaka siku hiyo kateleza tu bombani, hata ndoo haikumwagika."

Kwenye skrini, sehemu ya chini ya mfupa wa paja ilikuwa imevurugika. Palikuwa na weusi palipoliwa na weupe palipojengwa ovyo, wala huoni mpaka wa kukuonyesha ugonjwa unaishia wapi na mfupa mzima unaanzia wapi. Utando wa juu wa mfupa ulikuwa umenyanyuliwa pembeni, umeacha kipembetatu, na nje yake nyuzi nyeupe zimetawanyika ndani ya nyama. Ufa uliofungiwa hogo ulikatiza katikati ya hayo yote. Daktari wetu aliomba picha ya kifua palepale, tukaona madoa ya mviringo kwenye mapafu yote mawili. Kisha mama akatoa kwenye mkoba bahasha yenye picha ya kwanza, ile iliyopigwa kabla ya hogo. Kipembetatu kilikuwemo tayari. Weusi na weupe ulikuwemo. Kifua hakikuwa kimepigwa.

Osteosarkoma, ambayo ndiyo picha ile ilitufanya tuihofie, ndiyo saratani inayoanzia kwenye mfupa inayowapata zaidi watoto na vijana. Huchagua umri wa kurefuka, kati ya miaka 10 na 20, na mahali inapopenda kukaa ni pale mfupa unapokua kwa kasi: juu ya goti, chini ya goti, na mkono karibu na bega. Ukitazama kwa haraka utadhani ni maumivu ya mtoto anayekua au ameumia mpirani. Hadi miaka ya 1970, tiba ilikuwa kukata mguu tu, na waliopona hawakufika 1 kati ya 5, kwa kuwa mbegu za ugonjwa zilikuwa zimeshafika mapafuni bila kuonekana. Zilipoongezwa dawa za saratani, kabla na baada ya upasuaji, mambo yakageuka: kwenye vituo vyenye uwezo, mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujaonekana mapafuni ana nafasi ya kupona ya karibu 6 hadi 7 kati ya 10, na wengi hubaki na mguu wao. Ndiyo maana wiki chache zilizopotelea ndani ya hogo zinaniuma. Zinaweza kumtoa mtoto kwenye kundi hilo na kumpeleka kwenye kundi la madoa.

Si kila mfupa unaovunjika kirahisi una saratani, na waraka ulieleze hilo pia ili tusije tukatisha watu bure. Mtoto wa miaka 8 anayevunjika mkono karibu na bega kwa kurusha jiwe, mara nyingi ana kifuko cha majimaji ndani ya mfupa. Hakiui. Pengine kipande cha ganda la mfupa huonekana kimezama chini ya kifuko, na daktari anayeijua dalili hiyo humtuliza mzazi siku hiyohiyo. Kuna maambukizi ya mfupa, ambayo huku kwetu ni mengi. Kuna selimundu, ambayo huharibu mifupa kwa namna yake na kumtesa mtoto kwa maumivu yanayofanana na haya. Kinachotakiwa ni kujua ni lipi kati ya hayo, badala ya kukisia na kuendelea na sindano za usaha mwezi wa tatu huku uvimbe unakua. Wapasuaji wa mifupa wana kanuni nzuri ya zamani: ukifungua mfupa ukidhani ni usaha, chukua pia kinyama, yaani kipande kidogo cha kupima, ukipeleke patholojia, na ukidhani ni uvimbe, chukua pia sampuli ya kuotesha vimelea. Kanuni hiyo iingizwe kwenye waraka neno kwa neno.

Kwa watu wa miaka 20 hadi 40 kuna uvimbe wa chembe kubwa, ambao hula mwisho wa mfupa mpaka karibu kabisa na kiungo, hasa gotini na kwenye kifundo cha mkono. Kwa kawaida si saratani na ni mara chache husambaa, lakini ni mharibifu. Ukigunduliwa mapema, daktari huukwangua, hujaza shimo kwa saruji ya mifupa, na mtu anarudi shambani au dukani. Ukigunduliwa baada ya kuvunjika na kufungwa hogo mara mbili tatu, kiungo chenyewe huwa kimeshaharibika.

Uvimbe huu una pacha wake wa kudanganya. Tezi ndogo za paratiroidi zilizoko shingoni zikizidisha kazi, huchota kalsiamu kutoka mifupani, na mifupa hutoboka na kuota vivimbe ambavyo chini ya hadubini vinafanana sana na uvimbe wa chembe kubwa. Mtu anaweza kukwanguliwa mfupa huku ugonjwa wenyewe uko shingoni. Kinachomwokoa mtu na kosa hilo ni kipimo cha kalsiamu kwenye damu, pamoja na kile cha homoni ya tezi hizo. Cha kalsiamu ni kipimo rahisi. Naomba kiwe lazima kabla ya kisu kugusa uvimbe wowote wa namna hiyo.

Wazee nao wasisahaulike. Mtu wa miaka 65 mwenye mgongo unaouma, pingili iliyobonyea, damu iliyopungua na figo zinazochoka anaweza kuwa na mieloma, saratani ya chembe za uboho. Mara nyingi huanzishiwa dawa za kifua kikuu cha mgongo kwa sababu ndicho tulichokizoea. Mama aliyewahi kutolewa uvimbe kwenye titi, au mzee mwenye shida ya tezi dume, akivunjika paja wakati wa kuinuka kitini, aulizwe kuhusu ugonjwa huo wa zamani kabla ya lolote, maana saratani za titi na tezi dume huweza kusambaa hadi mifupani.

Kuna ugonjwa mmoja adimu nataka niutaje kwa kirefu, maana ndio unaoonyesha vizuri zaidi jinsi mgonjwa anavyoweza kuzunguka miaka bila jibu. Uvimbe wenyewe unaweza kuwa na upana wa sentimita 1 au 2 tu, umejificha kwenye unyayo, kwenye nyama ya paja, ndani ya taya au nyuma ya pua. Hauumi. Mara nyingi hata mwenyewe hajui anao. Lakini unatoa homoni inayoziamuru figo kumwaga madini ya fosfeti kwenye mkojo, na mifupa bila fosfeti hulainika. Basi mbavu zinapasuka, nyonga inapasuka, vidole vya mguu vinapasuka, kila baada ya miezi pengine. Misuli inalegea hadi mtu hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa. Anaambiwa ni baridi yabisi. Anaambiwa ni umri. Wengine huambiwa ni mawazo, na jirani wanasema amerogwa.

Daktari Andrea Prader wa Zurich, Uswisi, alieleza mwaka 1959 habari za msichana wa miaka 11 aliyekuwa na mifupa laini namna hiyo, na uvimbe kwenye ubavu. Uvimbe ulipotolewa, mifupa ikapona. Mwaka 2001 watafiti wakaitambua homoni yenyewe. Kwa hiyo ugonjwa unajulikana, na mgonjwa akitolewa uvimbe wote hupona kabisa, jambo ambalo ni nadra kulisema kuhusu magonjwa adimu. Mlango wa kuugundua ni kipimo cha fosfeti kwenye damu, na kipimo hicho hakimo kwenye orodha ya kawaida inayoombwa mtu akija na maumivu ya mifupa. Mtu mzima anayevunjika tena na tena bila ajali apimwe fosfeti, na kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na uwezo wa kukifanya. Kukosekana kwake ndiko kunakomfanya mtu atembelee magongo miaka kumi kwa ugonjwa wenye tiba.

Sasa niseme kuhusu kinyama, maana hapa ndipo nia njema huharibu.

Hospitali ikishatilia shaka, haraka yake ni kukata kipande na kukipeleka maabara. Kwa uvimbe wa mfupa, haraka hiyo ni ya hatari. Njia aliyopita mkataji, kuanzia ngozi hadi mfupani, huhesabiwa imechafuliwa na chembe za uvimbe, na daktari atakayefanya upasuaji mkubwa baadaye lazima aitoe yote pamoja na uvimbe. Ikiwa kovu limekaa vibaya, limekata mguu kwa mlalo au limepita kwenye msuli usiohusika, mguu ambao ungeokolewa hukatwa. Henry Mankin wa Boston na wenzake walichapisha mwaka 1982 uchunguzi wa wagonjwa 329 na wakakuta asilimia 4.5 walikatwa viungo kwa sababu ya matatizo ya uchukuaji wa kinyama peke yake. Walirudia mwaka 1996 kwa wagonjwa 597. Makosa na madhara yalikuwa mara 2 hadi 12 zaidi pale kinyama kilipochukuliwa kwenye hospitali iliyomwona mgonjwa kwanza, badala ya kituo ambacho kingemtibu. Hiyo ni Marekani, penye vifaa vyote. Basi na waraka useme wazi: hospitali ya wilaya ipige picha nzuri, ipime damu, imtulize mgonjwa na imsafirishe. Kinyama kichukuliwe na timu itakayofanya upasuaji wenyewe, au kwa maelekezo yake.

Chuma nacho kina hatari yake. Msumari unaopitishwa katikati ya mfupa wa paja ni tiba nzuri mno kwa majeruhi wa bodaboda. Nimewaona wakitembea baada ya siku chache. Lakini ukipitishwa kwenye mfupa wenye saratani ambayo haijajulikana, husukuma chembe zake kutoka nyonga hadi goti, na mfupa mzima unakuwa wa kutupa.

Mwanapatholojia naye tusimwonee. Mfupa unaojiunga baada ya kuvunjika hujenga tishu changa yenye vurugu, na chini ya hadubini inaweza kufanana na osteosarkoma. Akipewa kichupa chenye kipande kidogo na karatasi iliyoandikwa "mfupa, paja", bila picha, bila umri, bila kuelezwa kwamba palivunjika wiki tatu zilizopita, anawekwa mahali pa kukosea kwa upande wowote. Nimewaona ndugu wa wagonjwa wakipanda basi la alfajiri kwenda mjini na kichupa cha formalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, ndani ya mkoba, wamekishika mapajani safari nzima, na picha wameiacha nyumbani kwa sababu hakuna aliyewaambia waibebe. Kipande cha mfupa chenyewe lazima kilainishwe kwa siku kadhaa ndipo kikatwe kusomwa. Majibu yakirudi "sampuli haitoshi", familia inaanza upya na nauli nyingine. Uvimbe wa mfupa husomwa na watu watatu kwa pamoja: aliyempima mgonjwa, anayesoma picha, na anayesoma kinyama. Naomba sampuli yoyote ya mfupa isipokelewe maabara bila picha yake, na isafirishwe kwa utaratibu wa Serikali, kama sampuli nyingine zinavyosafirishwa.

Vifaa vya kuanzia tunavyo. Miaka ya karibuni Serikali imepeleka mashine za eksirei za kidijiti kwenye hospitali nyingi na CT scan kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na mimi ninayezitumia nashukuru kwa dhati. Ila picha inayotoka kwenye mashine hiyo ya kisasa bado inamfikia daktari bingwa kwa kupigwa tena na simu kutoka kwenye skrini na kutumwa WhatsApp, imefifia, kioo kinang'aa, ule utando ulionyanyuka hauonekani tena. Tunahitaji njia rasmi ya kutuma picha yenyewe, na namba moja inayopokelewa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Taasisi ya Saratani Ocean Road, na hospitali za KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zina wataalamu. Naomba wapangiwe jopo la pamoja linaloketi kila wiki, lenye wajibu wa kuijibu hospitali ya wilaya kwa maneno mafupi: mtume leo, au mfungeni hogo, ni kifuko tu. Jibu hilo la pili lina thamani kubwa, maana linamwokoa mzazi wa Newala au Tunduru na safari ya Dar es Salaam isiyo na sababu.

Na picha za kufundishia zisambazwe. Eneo letu hili la Afrika lina mfano wake. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Ili ajue unapatikana wapi, alituma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali za sehemu nyingi za Afrika akiuliza: mnawaona watoto kama hawa? Mwaka 1961 akaondoka na wenzake wawili kwa gari kuzunguka hospitali za Afrika Mashariki na kusini yake. Kipeperushi kile chenye picha kilifika mahali ambapo hakuna bingwa aliyekuwapo. Ukurasa mmoja wenye picha nne za eksirei ubandikwe kwenye kila chumba cha mionzi na kila chumba cha hogo nchini: kipembetatu, kifuko chenye kipande kilichozama, mwisho wa mfupa ulioliwa, pingili iliyobonyea. Kwa kila picha, mstari mmoja wa nini kifanyike.

Fedha. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa saratani za watoto wenye lengo la kuponya angalau asilimia 60 ifikapo 2030, na likachagua saratani sita za kuanzia. Saratani ya mfupa haimo kati ya hizo sita. Ninaelewa sababu za kuanza na chache, lakini naogopa kisichotajwa kwenye orodha kitakosa pia fungu. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Vitita vya mafao vitaje kwa jina uchunguzi wa uvimbe wa mfupa: CT scan au MRI, kinyama, usomaji wake, na picha ya mapafu. Familia nyingi hukwama hapahapa, kati ya shaka na jibu. Dawa za saratani kwa mtoto zinaweza kupatikana bila malipo, lakini hafiki kwenye dawa hizo mtu ambaye hajapewa jina la ugonjwa, na jina linauzwa.

Kuhusu waunga mifupa wa jadi, nisingependa wasukumwe pembeni. Ndio wanaoaminiwa kijijini, na ndio wanaouona mguu kabla yetu. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala liwaite, liwaeleze kwa heshima, liwaombe jambo moja: mfupa uliovunjika bila kishindo, au uvimbe unaokua na kuuma usiku, usichuliwe hata mara moja, uletwe hospitali. Nimezungumza na wawili watatu wa kwetu. Walinisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia, na mmoja amekuwa akituletea watu.

Jambo la mwisho ni namna ya kumwambia mzazi. Mtoto akiwa na osteosarkoma, mara nyingine kukata mguu ndiyo njia ya kumwokoa, na neno hilo likitupwa korido, mbele za watu, familia hutoroka na mgonjwa usiku. Wanarudi baada ya miezi, au hawarudi. Wapewe chumba, kiti, na mtu mwenye muda. Wakutanishwe na kijana aliyewahi kupitia hayo na anatembea kwa mguu bandia, anasoma au anafanya kazi. Hospitali iwe na orodha ya watu wa namna hiyo walio tayari kuitwa, na nauli yao ilipwe.

Waheshimiwa, maswali mawili kwenye fomu, katazo la chuma na kinyama cha haraka, picha ya kifua na kipimo cha kalsiamu kwa kila mfupa unaoshukiwa, na ukurasa wa ukutani havihitaji kusubiri bajeti. Vinaweza kutoka kwa saini ya Mganga Mkuu wa Serikali mwezi huu. Kipimo cha fosfeti mikoani, usafirishaji wa sampuli, njia rasmi ya kutuma picha na jopo la kila wiki ni vya bajeti. Naomba viingie kwenye ile itakayosomwa Bungeni kabla ya Julai ijayo, vikiwa na mafungu yake, na wabunge wanaosoma barua hii waviulizie.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtaalamu wa mionzi,
Hospitali ya wilaya, kusini mwa Tanzania